Shavu la Uzi, Shavu la Umeme

Umeme ulikatika Dominika akiwa nusu.

Ndivyo tulivyomwacha. Kalazwa kwenye kiti cha saluni ya Lydia pale Mazwi, shavu la kushoto limeshamalizwa, la kulia ndio kwanza limepakwa jeli, na mashine iliyokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam imekata roho mkononi mwa mwenyewe.

"Nipeni kioo," alisema Dominika.

Hakuna aliyempa.

"Lydia. Kioo."

"Shangazi, tulia kwanza, umeme utarudi."

"Nimekuomba umeme mimi?"

Dokta Calvin ndiye aliyempa, kisha akasogea karibu na mlango. Mtu mwenye busara husogea karibu na mlango.

Dominika akajitazama. Akageuza uso huku, akageuza kule. Halafu akapiga ukelele uliowafanya wapanda baiskeli wa Mazwi washike breki.

Upande wa kushoto wa kioo alikuwamo mwanamke wa miaka thelathini na tano. Upande wa kulia alikuwamo mama yake.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nikueleze haraka. Dominika ni mjane, anauza chakula sokoni, na ugali wake wa ulezi umewarudisha watu wengi mjini bila shughuli yoyote. Mmoja wao ni Ngeleja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Msanzi na ng'ombe wake. Mgane, mrefu, mpole, hana maneno mengi. Siku moja alimaliza kula, akanawa, akasema, "Jumapili baada ya misa nitafika kwa kaka yako Polikarp. Nina neno." Akapanda baiskeli akaenda zake.

Neno gani, hakusema. Lakini mgane akimwambia mjane kwamba ana neno kwa kaka yake, hata mbuzi wa Malangali wanajua ni neno gani.

Ndipo Dominika akataka uso mpya. Zamani mtu alizeeka tu akanyamaza, maana duka halikuwa na dawa ya kuzeeka wala sabuni. Soko huria limeleta sabuni, na dawa hiyo nayo limeileta.

Wenye dawa walikuwa wawili, na chumba kimoja wamekodi kwa kugawana: Lydia, binti wa Polikarp, mwenye mashine ya umeme, na Calvin mwenye nyuzi za kupitisha chini ya ngozi na kuivuta juu. Kila mmoja alimwambia Dominika kwamba mwenzake ni tapeli. Aliposhindwa kuchagua wakaamua kushindana. Wewe shavu hili, mimi lile, mji utaamua.

Sasa mji ulikuwa na nusu ya kuamulia.

"Malizia na huku," Dominika akamwambia Calvin. "Vuta na huku."

"Nyuzi zimeisha, mama."

"Zimeishaje?"

"Tulipatana shavu moja moja. Nilileta za shavu moja. Nyingine ziko Tunduma, zinasubiri basi."

"Si nilikuambia, shangazi!" Lydia akaruka. "Uzi ni balaa. Mashine yangu haimtoboi mtu. Inapasha ngozi joto ndani kwa ndani, ngozi inajikaza yenyewe. Hakuna damu, hakuna uvimbe. Unatoka hapa unaenda sokoni kuuza."

"Anatoka hapa kama alivyoingia," alisema Calvin.

"Inakwenda polepole! Unarudia, unarudia, baada ya wiki kadhaa unaona."

"Jumapili ni kesho, Lydia."

"Na wewe je? Umemtoboa shangazi yangu kama gunia la mahindi. Tazama hapo karibu na sikio, pamejikunja kama suruali ya fundi mlevi. Kesho litavimba. Na mwaka ukiisha uzi umelegea, shavu linarudi lilikotoka."

"Mwaka ni mwingi. Kuna ndoa hazifiki."

"Basi utoe!" Dominika akapiga mkono wa kiti. "Toa uzi wako, niwe mzee pande zote. Bora mzee kuliko nusunusu."

Calvin akajikuna kisogo.

"Mama, umewahi kuingiwa na suke la ngano kwenye mkono wa shati?"

"Nimezaliwa Ufipa, unaniuliza ngano?"

"Basi unajua. Lina vijimwiba, linapanda tu, halishuki. Uzi huu nao una vijimwiba. Umeingia, umeshika, umevuta. Ukiuvuta kurudi..."

"Unakuja na nini?"

"Unakuja na shavu."

Dominika akalishika shavu kwa viganja viwili.

"Wewe Calvin," Dominika akauliza taratibu, "hayo mambo ulisomea wapi?"

"Kozi, mama."

"Kozi ya nini?"

"Ya... kushona."

Akatoka. Nimeshakuambia alisimama karibu na mlango.

Kutoka Mazwi hadi Malangali si mbali, lakini siku hiyo Dominika aliiona ndefu. Kanga aliisahau saluni. Akashika njia uso mtupu.

Penye fundi baiskeli, upande wa kushoto wa njia, vijana walikuwa wamekaa wakipiga soga.

"Mambo, sista!" mmoja akaita.

Dominika nusura ajikwae kwa raha. Tangu azikwe marehemu mumewe hakuna aliyemwita sista.

Hatua chache mbele, upande wa kulia, kijana wa rika lile lile akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," lilijibu shavu la kulia. La kushoto lilitamani kusema poa.

Yule wa kwanza akapanda baiskeli amfuate. Akaja kwa nyuma, akapita kushoto, "Sista, unaelekea...", akamzunguka kwa mbele ili amwone vizuri, akatokea kulia.

"Shikamoo, mama!" akamalizia, na baiskeli ikaingia mtaroni.

Jumapili misa alikwenda ya kwanza, akakaa nyuma ya nguzo. Shavu la uzi lilikuwa limevimba kidogo, likang'aa kama andazi la moto. Lydia alifika nyumbani mapema na mkoba wake. Dominika anaishi uani kwa kaka yake Polikarp, nyumba yake ndogo inatazamana na kihenge cha mahindi.

"Umeme umerudi?" Dominika akamuuliza.

"Umerudi, ukaondoka. Lakini nina dawa." Akatoa plasta, ile ya kufungia vidonda. Akalishika shavu la kulia, akalivuta juu kuelekea sikioni, akalibandika, akafunika na kilemba. Kioo kikakubali. Shavu na shavu yakalingana. Jicho la kulia tu ndilo lililobaki kama limepewa habari za msiba.

"Yaani mashine imetoka Dar," alisema Dominika, "uzi umepita mpakani Tunduma, na anayeniokoa ni plasta?"

"Usicheke, shangazi. Itabanduka."

Mlangoni alikuwa amesimama Debora, binti wa pekee wa Dominika, anasokota ncha ya kanga. Tangu asubuhi hakugusa chai, na maharage yalipoanza kuchemka alitoka nje akakaa huko.

"Mama, kuna jambo nataka kukuambia."

"Kesho."

"Mama, ni kuhusu huyu mgeni..."

"Ndiyo, mgeni anakuja, na wewe umevaa kanga ya kuoshea vyombo! Nishikie kioo."

Debora akashika kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini Dominika alikuwa anatazama macho yake mwenyewe.

Halafu likatokea kosa. Dominika hakumwamini mtu mwingine kusonga ugali wa Ngeleja. Akainama juu ya sufuria, mwiko mikononi. Ugali wa ulezi hausongwi kwa mbali. Mvuke ukapanda, ukaingia kwenye kilemba, ukaikuta plasta.

Ikabanduka taratibu kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Nje mbwa akabweka. Kengele ya baiskeli ikalia.

"Kafika!" alisema Lydia. "Shangazi, shavu!"

"Nitampa la kushoto tu. Nitatembea kama kaa."

Akatoka kiubavu, magoti yamekunjwa kwa heshima, viganja vimeshakutana tayari kwa makofi ya salamu, andazi la kushoto limetangulizwa mbele.

Ngeleja alikuwa ndio kwanza anaegemeza baiskeli. Akainua macho. Akamwona.

Akaruka nje ya njia kama aliyekanyaga nyoka. Akashusha kofia hadi puani, akampa Dominika mgongo, akabaki ametazama kihenge cha mahindi.

"Habari za hapa," alikiambia kihenge.

 Dominika alirudi ndani kwa kasi iliyolifaa shavu changa, si lile jingine.

"Ameniona!" Akaanguka juu ya kigoda. "Ameniona, amegeuka! Mtu aliyenizoea! Uso wangu umemtia kichefuchefu!"

"Ulimpa upande gani?" Lydia akauliza.

"Wa kushoto!"

"Wa kushoto?" Lydia akajaribu kuhuzunika, ikashindikana. "Basi ni uzi wa Calvin. Nilisema mimi! Mashine ingekuwa..."

"Mashine yako nitaitia kisimani!"

Polikarp akaingia, fimbo mkononi, kapiga koti lake la misa. Akamtazama dada yake upande huu, akamtazama upande ule, akaamua asiulize.

"Mgeni wako ana mambo," alisema. "Nimempa kiti, kakigeuza. Kauelekezea mgongo mlango huu. Nikamwuliza kama jua linamuumiza, kasema hapana. Dada'ngu, kwao Usukumani, na hata kwetu hapa, mwanaume mzima humpisha nani njia namna ile? Anaogopa kumtazama nani usoni?"

Lydia akachungulia nje.

"Mkwe," alisema Polikarp. "Mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani?" aliuliza Dominika.

 Wote watatu wakageuka, wakamtazama Debora. Kioo kikamponyoka Debora, kikavunjika.

Sasa msomaji, kuna hasira ya mwanamke aliyekataliwa, na kuna hasira ya mama. Dominika alizipata zote mbili kwa pamoja, na mwiko ulikuwa bado mkononi.

"Mzee mzima yule!" Akatoka nje bila kiubavu. "Wewe Ngeleja! Umekula ugali wangu miaka yote hii kumbe unamkuza mwanangu? Huna haya? Yule ni sawa na mtoto wako wa kumzaa!"

"Si mimi, mama," alisema Ngeleja, bado kaupa uwanja mgongo. "Ni kijana wangu. Shija."

Mwiko ukabaki hewani.

"Shija?"

"Anampenda binti yako. Kanisumbua tangu mavuno nije kuposa. Mimi ni baba yake. Ningefanyaje?"

Dominika akashusha mwiko. Lingekuwa jambo la furaha, na ndilo lililokuwa baya. Shija akimwoa Debora, basi Ngeleja ni mkwe wake, yeye na yeye. Kwa mila hawatakula sahani moja. Hawatakaa benchi moja. Akimwona njiani atampisha hivi hivi hadi wazikwe. Hata Paroko akiwaruhusu kuoana, Ufipa nzima ingewacheka, na Usukuma ungesaidia.

"Tangu mavuno," alisema, sauti imeshuka. "Na tangu mavuno unakuja kwangu, unakula, unanitazama. Mkwe gani anatazama vile?"

Ngeleja alikikagua kihenge kutoka juu hadi chini.

"Nilikuwa bado sijalisema neno. Nikishalisema, sitakutazama tena. Ndiyo maana nilichelewa kulisema."

Jikoni, Lydia alisema "Mama wee!" kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

Polikarp akakohoa. Ni mzee asiyependa shida, lakini hadithi nzuri anaijua akiiona.

"Bwana Ngeleja. Jembe la posa liko wapi?"

"Liko kwenye baiskeli, mzee. Nimelifunga nyuma."

"Hujaliweka mbele yangu?"

"Bado."

"Basi hapa hakuna mkwe. Kwetu neno la posa halijasemwa mpaka jembe limelala chini. Kwa sasa wewe ni mpita njia tu unayezungumza na mahindi yangu, na mahindi yangu yamechoka. Geuka, bwana."

Ngeleja akavuta pumzi. Akavua kofia.

Dominika alikuwa na muda mfupi sana wa kuchagua. La uzi au la umeme? Kijana aliyevimba au mzee aliyelegea? Mkono ukapanda kichwani, ukakivuta kilemba chote. Akasimama uso mzima, plasta inaning'inia sikioni kama karatasi ya bei.

Ngeleja akageuka. Akatazama.

Akatazama tena shavu la kushoto. Akasogea.

"Nani amekushona?"

"Nani amenishona nini?"

"Mshono huu naujua. Ndama wangu aliraruliwa na fisi. Akaja yule Calvin, aliyekuwa anamfuata bwana mifugo na mkoba wa sindano. Akamshona hivi hivi, kakunja hapa hapa."

Jikoni kukasikika kishindo. Lydia alikuwa amekaa chini, kanga mdomoni, machozi yanamtiririka. Kozi ya kushona!

Dominika akaugusa mshono kwa kidole. Sauti ikatoka ndogo. "Huyo ndama... alipona?"

"Alipona. Sasa ni mtamba. Nikimfungulia asubuhi, macho yangu hayatoki kwake."

Shavu la uzi likapata joto bila mashine yoyote.

"Lakini huku," Ngeleja akaonyesha kulia kwa kidevu, "hujapafanya chochote?"

"Huku umeme ulikatika."

"Afadhali. Mimi kwenye benchi lako hukaa upande huu. Hili ndilo shavu ninalolijua. Lile jingine nilikuwa sijawahi kuliona vizuri."

Na Dominika, aliyevumilia sindano kwa ajili ya shavu ambalo mtu huyu hakulitazama hata siku moja, hakujua acheke au alie. Akacheka. Plasta ikaanguka.

Ngeleja akamgeukia Polikarp, kofia mikononi.

"Mzee, lile neno nililokuja nalo limenitoka kichwani."

"Limekutoka?"

"Kabisa. Shija ni kijana, wasichana wako wengi, atapata kwingine." Akaiendea baiskeli, akafungua mpira, akalitoa lile jembe jipya linalometa. "Hili nalirudisha nyumbani. Jumapili ijayo, ukiniruhusu, nitaleta jingine. Kwa neno jingine."

Polikarp akatabasamu. Dominika akatabasamu pande zote mbili, la umeme likapanda lenyewe bila umeme, hadi likafikia la uzi. Kwa mara ya kwanza tangu jana, mashavu yake yalilingana.

"Mjomba."

Debora alikuwa amesimama mlangoni. Kanga ya kuoshea vyombo ameifunga juu ya kifua, na mkono mmoja ameuweka chini ya kitovu, pale ambapo wanawake huuweka bila kufikiri.

"Mjomba, mwambie asilirudishe. Neno hilo halisahauliki." Akautazama mkono wake. "Limeshaanza kucheza tumboni."

Jembe likamponyoka Ngeleja.

Likaanguka chini, katikati ya uwanja, mbele ya viatu vya Polikarp, likalala hapo.

 Lydia akaitoa kanga mdomoni. Polikarp akalitazama jembe, hakuinama kuliokota. Ngeleja akamtazama Dominika, kisha kofia mkononi mwake ikaanza, taratibu, kupanda kuelekea kichwani.

Shavu la kulia la Dominika likashuka, likashuka, likarudi mahali pake pa zamani na kupita.

La kushoto, lililoshikwa kwa uzi, likabaki linatabasamu.